Sidii Iliyokwama Kabla ya Mwisho

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku Usukumani nikiwa mzima wa mwili. Roho ndiyo yenye mashaka, nawe utajua sababu kabla hujafika chini ya karatasi. Mama magoti yanamwendeaje? Na dukani kwako, bado vijana wanajazana mlangoni kurushiwa filamu kwenye flashi? Usishangae kupata barua badala ya simu. Chumba changu ni cha tofali za udongo, jirani akipiga chafya mimi nampa pole, na haya ninayokuandikia sitaki yasikike. Nitampa kondakta wa basi akufikishie mkononi.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipopangiwa Simiyu. Ulisema bibi shamba wa Korogwe anakwenda kuwafundisha pamba watu waliozaliwa ndani ya pamba. Ni kweli, wananifundisha wao. Lakini jioni za kijijini ni ndefu, na ule ugonjwa wetu wa utotoni umenirudia: filamu za anga za juu. Kila nikiitwa mkutano Bariadi napitia sokoni kwa muuza sidii mmoja mwenye maneno kama mganga. "Dada, hii ni ishirini kwa moja, anga tupu! Ukiimaliza utarudi duniani umechoka." Bei yake haifiki kilo ya sukari. Naichukua huku najua naibiwa. Ungezimia, kaka. Nusu hazifunguki, mbili ni filamu ile ile iliyopewa majina mawili, na moja ni kwaya ya kanisa. Jaladani wamechora chombo cha anga na simba. Simba mwenyewe mpaka leo sijamwona.

Mwenye nyumba wangu ni bibi mmoja mjane, Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa lugha ya huku. Wanawe wako machimboni, haonani nao. Macho yake ni mekundu sana, na kisa chake ni jiko tu. Huku kuni ni adimu, watu wanapikia miti ya pamba na samadi iliyokaushwa, na moshi wa miaka yote hiyo umemkaa machoni. Jioni huniletea michembe, vile viazi vyao vya kukausha, tukakaa mbele ya deki yangu ya sola. Anawahurumia sana wasafiri wa anga. "Hawa watu hawana hata ng'ombe mmoja humo ndani," aliniambia. "Sasa wakioa wanatoa nini?" Nampenda huyu bibi, kaka. Bila yeye ningeshaomba uhamisho.

Sasa sikiliza. Katika sidii ya mwisho niliyonunua kuna filamu ya chombo kinachokwenda mbali, nje ya nyota tunazozijua. Njiani kinaingia kitu kisicho na umbo, kinajificha ndani ya mtu, na dalili yake ni macho kuwa mekundu. Wasafiri wanaanza kumulikana kwa tochi. Mwishowe wanamkamata mpishi wao, mama mtu mzima, wanamburuta mpaka mlangoni wamtupe nje gizani. Hapo hapo sidii inakwama. Picha inaganda, mkono wa nahodha ukiwa kwenye kitasa. Nimeifuta kwa dawa ya meno, nimeifuta kwa kanga, wapi! Rahisi huvunja upishi. Siku ile tulicheka. Mayu alisema, "Basi maskini amebaki hapo hapo mlangoni."

Masanja, mwenye banda la video, akaja kuiazima sidii kwangu. Siku ya mnada banda lake hujaa mchana kutwa. Yeye huzima sauti, akasimama kando ya televisheni na kutafsiri kwa Kisukuma, tena ni fundi, hata kuku akipita kwenye picha atamsemea. Nilikwenda kumsikiliza, maana Kisukuma nimeanza kukielewa. Alipofika kwenye kile kitu, akakosa neno. Halafu akasema "balogi". Yaani wachawi.

Kuanzia hapo ikawa filamu nyingine kabisa. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Kila tochi ilipomulika jicho, nilisikia wanavyovuta pumzi. Picha ilipoganda wakaanza kupiga mbao, na Masanja, kwa kuhofia benchi zake zisivunjwe, akaimalizia kwa mdomo: wakamtupa nje yule mama, na tangu siku hiyo safari ikawa nyepesi, wakafika salama. Wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Lisemwalo lipo." Nilitoka nje kwenye jua kali nikiwa na baridi.

Mwaka huu mvua imechelewa, mashamba ya pamba yako wazi. Ng'ombe wa jirani wamekufa. Mimi najua ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na daktari wa mifugo alisema hivyo, lakini hakuna anayetuuliza. Huku salamu ni kitu kizito, kaka, mtu hakupiti bila kukuamkia hata kama mmegombana. Juzi asubuhi Mayu alimwamkia mke wa jirani, "Mwangaluka!" Yule mama akainama kufunga kanga ambayo haikuwa imefunguka. Mayu akasimama akingoja jibu, jembe lake begani, mpaka yule mwenzake akaingia ndani. "Masikio yanamsumbua," aliniambia, kisha akaenda kupika. Watoto waliokuwa wakija kumwomba michembe sasa wanamfuata na simu, wanammulika tochi usoni mchana kweupe, wanakimbia. Hawacheki wakikimbia. Hilo ndilo linalonitisha.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alinisikiliza vizuri, akaita watu, akaonya kwa ukali. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyebisha. Mtu akikubishia unajua anawaza nini. Wale walikubali tu, wakainuka, wakaondoka.

Nikamwendea Masanja. Nilikuwa nimejaa hasira, nilitaka nimvunjie hiyo deki yake.

"Sasa dada, ningesemaje?" akaniuliza. "Wewe mwenye Kiswahili cha Tanga, nipe neno lenyewe."

Nikamwambia asiionyeshe tena.

"Wanaitaka mnada ujao. Nikikataa wataangalia kwenye simu, wameshairusha." Akatazama chini. "Ule mwisho niliubuni tu. Niletee wa kweli, nitautafsiri neno kwa neno, hata kama watanichomea banda."

Nimemsihi Mayu twende naye Korogwe akakae na Mama mpaka mvua inyeshe. Amekataa. "Nikiondoka sasa, ng'wanawane, mwanangu, si nitakuwa nimekubali?" Kisha akaniuliza kuhusu yule mpishi: alikuwa nacho kile kitu, au hakuwa nacho? Nikamjibu haraka kwamba hakuwa nacho. Akanitazama kwa macho yale.

"Umeuona mwisho?"

Nikaanza kukusanya vyombo vya michembe.

Kwa hiyo kaka, wewe ndiye mwenye duka la filamu. Nitafutie hii ikiwa nzima. Jina la jaladani usilifuate, ni la uongo. Nahodha ana kovu shavuni, mpishi amevaa aproni ya kijani, na dirishani kuna sayari yenye miezi miwili. Iweke kwenye flashi, mpe kondakta huyu huyu, na iwe kabla ya mnada. Nimejaribu kuitafuta kwenye simu, mtandao wa huku unazunguka tu mpaka chaji inaisha.

Nisalimie wifi yangu na cherehani yake, mwambie lile gauni linanibana, watu wa huku wananilisha. Msalimie mjomba mwadhini, aniombee dua, na huyu bibi amwombee pia, japo ni Mkatoliki. Mama mwambie nimenenepa. Mengine yote usimwambie.

Ukiipata, itazame kwanza wewe mwenyewe mpaka mwisho. Ukiona yule mpishi hakuwa na kitu, tuma flashi siku hiyo hiyo. Ukiona alikuwa nacho, usitume chochote. Panda basi uje. Na ukifika asubuhi, kabla hujaniita mimi, simama uani umwamkie Mayu kwa sauti kubwa, "Mwangaluka", majirani wote wasikie kuna mtu amemwamkia.

Mdogo wako,
Zaina