Mstari Wangu Kwenye Ratiba

Dada kipenzi,

Na ndiyo, ni mimi yule yule uliyekuwa ukinivuta shuka ndipo niamke. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri niko macho. Mume wangu ametubandikia ratiba ukutani: maji ya uvuguvugu, kunyoosha viungo, kisha kupanga kazi za siku. Ninavyoifuata, ananiita Bi Mkaguzi. Dada, nampenda mpaka naona aibu.

Saa kumi na mbili nimeongeza mstari wangu: kumpigia mama. Hapokei. Hajanisamehe kwa kufunga ndoa yeye akiwa amelazwa wodini.

"Mpe muda, mke wangu," naambiwa. Nanawa uso, naenda kazini.

Mwambie mama nakuja kabla mwezi haujaisha. Akinifungia mlango, nitakaa nje mpaka afungue.

Mdogo wako