Kwa Kocha Aliyekula Firigisi ya Baba Wekesa

Baba Mdogo,

Jumapili ulipiga simu nyumbani kwangu hapa Woodbridge, baada ya kunyamaza mwaka mzima. Mimi nilikuwa kazini Manassas, nikiwaogesha wazee wa watu. Simu aliipokea Simiyu, mwanangu wa pili, mkaongea mpaka chai yake ikapoa. Niliporudi nilimkuta anazunguka sebuleni kama bwana harusi. "Mum, Coach ananitaka! Ati nimekuwa mkubwa kuliko Wekesa!" Unataka kuja Alhamisi umwone. Unataka kumpa nafasi kwenye timu ya chuo na masomo ya bure, vile vile ulivyompa kaka yake.

Ndiyo maana nakuandikia. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, na barua naiweka kwenye jarida la ushirika wetu ili wamama wenzangu wenye wavulana wa miili mikubwa waisome kabla yako. Nilimwomba Wekesa akutafsirie, akakataa. Tafuta mtu wako.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Ulikuja na tai ya rangi za timu, ukamwita mwanangu "Wikisa", ukakalia kiti changu kizuri, nacho kikalia kwa uzito wako. Nilikuwa nimepika kuku na ugali. Kuku wa huku firigisi yake huwekwa tumboni ndani ya kifuko cha karatasi, na nilipokuwa mgeni nchini niliwahi kuipika na karatasi yake. Kwetu Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu Baba Wekesa alipofariki, hakuna mwanamume aliyeila mezani kwangu. Nilikuwa naikatakata kwenye mchuzi wavulana wasigombane. Siku hiyo nilikuwekea wewe, nzima.

Ukauliza ni nini. Wekesa akaona haya, ikabidi nieleze mimi. Nilikuambia kwamba ukila hiyo nakuhesabu ndugu wa mume wangu, baba mdogo wa hawa watoto, na baba mdogo ndiye husimama pale baba asipokuwepo. Uliacha kutafuna. Ukasema hiyo ni heshima kubwa, na kwamba timu yako nayo ni familia. Kisha ukanyoosha sahani kuomba ugali zaidi, nami nikakupenda hapo hapo, kama mtu anavyompenda shemeji.

Nilikuuliza, "Atasoma mpaka amalize?" Ukanijibu, "Mama, yeye akifanya yake, mimi nitamtunza." Kwetu mtu akisema anasomesha mtoto, anamsomesha mpaka amalize. Sikujua kwamba kwenu ahadi hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka mnakaa kuamua upya nani abaki.

Sitasema ulikuwa mbaya tangu mwanzo, kwa sababu ningesema uongo. Niliwahi kuja uwanjani kuangalia huo mpira wenu wa kushika kwa mikono, ambao watu hukimbia kidogo halafu husimama kufanya mkutano. Nilipiga vigelegele wakati wote wamekaa kimya, kumbe tulikuwa tumeharibu. Baada ya mchezo ulinikumbatia mbele za watu ukawaambia, "Huyu ndiye Mama yangu." Na dada yangu alipofariki Bungoma nikashindwa kwenda kumzika, ulimruhusu Wekesa aje akae nami, na wewe mwenyewe ukapiga simu ukaniombea. Nililia nikiwa nimeshika ile simu. Hayo ndiyo yanayonichoma mpaka leo, kwamba yalikuwa matamu.

Halafu ukamwita Wekesa ofisini. Hakuwa ameumia. Hakuwa amefeli somo lolote. Ulimwambia kwamba angekuwa na furaha zaidi mahali pengine, na alipokuuliza amekosa nini, ukasema, "Si wewe, ni namba tu." Ukaahidi kumtafutia chuo kingine, na masomo yake ya bure yakaishia hapo. Nilipiga simu, katibu wako akasema uko mkutanoni. Nikapiga tena, uko mkutanoni. Nikaacha ujumbe kwenye mashine, mimi shemeji yako, nikikubembeleza kama mtu anayeomba kazi.

Ni Wekesa aliyekuja kunieleza hizo namba, tukiwa tunaosha vyombo. Kwamba chuo kinaruhusiwa kufadhili wachezaji themanini na watano tu, na kila mwaka unaweza kuleta wapya ishirini na watano. "Sasa piga hesabu, Mum. Ishirini na tano mara miaka minne." Ni mia moja, nikasema. "Na viti ni themanini na tano." Nikabaki nimeshika sufuria. Ina maana wengine waliandaliwa kutoka tangu siku waliyoingia. Ina maana ulipokuwa mezani kwangu ukisema familia, hesabu hiyo ulikuwa unaijua. Umenisaliti, Kocha. Adui hawezi kunifanyia hivyo, maana sikumpa chochote.

Sasa Wekesa anapakia mizigo ya watu kwenye ndege pale Dulles, na jioni anasoma darasa moja moja kwa pesa yake. Ukionekana kwenye televisheni anaondoka chumbani polepole, kana kwamba amekumbuka kitu jikoni.

Nilitaka kumkataza Simiyu moja kwa moja. Hakunisikia. "Mimi si Wekesa, Mum. Mimi hawawezi kuni-cut kwenye timu." Alipoyasema maneno hayo, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, bado na vumbi la kazini. Nilidhani watashikana. Wekesa akavua viatu, akamwambia tu, "Mpigie. Muulize ni nani anatoka ili wewe uingie."

Simiyu akakupigia, nami nimesimama karibu. Akakuuliza kwa adabu zote. Aliporudisha simu mahali pake, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Amesema nisi-worry about that. Ameniita son."

Wekesa akaviokota viatu vyake, akavipanga kando ya mlango.

"So kuna mtu," akasema. "Mum, huyo mtu anajua?"

Hajui, Kocha. Yuko bwenini kwake sasa hivi anasoma, na mama yake huko aliko anawaambia watu wa kanisani kwao kwamba mwanawe amepata bahati. Basi Alhamisi usije Woodbridge. Nenda kwa mama huyo, uketi mezani kwake, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Simiyu anasema atangoja mpaka utoke huko.

Ni mimi,
Mama Wekesa, ambaye pia ni Mama Simiyu