Nusu Saa na Mama Mpakani

Chumba Na. 14,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
Jumapili, 2 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo, na habari za huko uliko? Mgongo umetulia, au bado unakuuma ukisimama sana kazini? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi huku tunashukuru. Wifi yako kapona kile kikohozi, na mtoto wetu, yule tuliyempachika jina la Chiriku, ana miaka miwili na miezi mitatu sasa. Anaongea kutwa nzima mpaka jirani anatugongea ukuta.

Kiwandani bado niko kwenye tanuri. Joto lake nilishalizoea. Nisichokizoea ni kutojua kama mwezi ujao nitaruhusiwa kulisogelea.

Maana kibali cha ukaazi hakijatoka, Dada. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Pasipoti yangu iko Uhamiaji pamoja na ombi, nami nimebaki na stakabadhi tu, imechakaa hadi nimeibandika gundi kwenye mikunjo. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi napanga foleni. Karani wa dirisha la nne amenizoea kiasi kwamba siku niliyochelewa aliniuliza kama nilikuwa naumwa. Jibu lake halibadiliki: faili liko kwa mkubwa. Nikivuka mpaka kabla faili halijarudi, ombi limekufa na kazi imekwenda. Chiriku naye hawezi kupata pasipoti mpaka mimi nipate kibali.

Mama aliomba viza mara mbili, wakamnyima. Walisema hajaonyesha sababu ya kutosha ya kumrudisha kwao. Mwanamke mwenye shamba, kuku na kaburi la mumewe.

Najua amekwisha kukupigia akakwambia kila kitu kilikwenda salama kule mpakani. Unamjua Mama. Ngoja nikusimulie mimi.

Mjomba ndiye aliyeleta wazo. Alisikia kwamba pale mpakani jengo ni moja, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa humo humo, na katikati ya ukumbi umepigwa mstari wa njano sakafuni. Akampandisha Mama basi, wakasafiri siku mbili. Mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda na Chiriku peke yetu, kwa kuwa wifi yako alinyimwa ruhusa kazini kwake.

Ofisa wa zamu upande wetu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Nilimweleza shida yangu yote. Akaisoma stakabadhi mbele na nyuma, kisha akaniambia taratibu, "Muhuri wa kukutoa ninao. Wa kukurudisha sina." Akatupa nusu saa, kila mtu abaki upande wake.

Mama aliingia ameshikwa mkono na Mjomba. Dada, amepungua. Macho yale yameanza ukungu, maana alinitafuta kwa sauti kwanza. Alisimama karibu na mstari, nami nikasimama karibu na mstari, tukashikana mikono juu yake. Miaka sita. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikaishia kumuuliza kama kwenye basi alipata kiti cha dirishani.

Chiriku mwanzoni alijificha nyuma ya miguu yangu. Kisha akamwona Mjomba akimchezea funguo, akatoka, akavuka mstari mbio. Nilimtazama yule ofisa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga karatasi zilizokwisha pangwa.

Mama alikaa chini sakafuni, akampakata. Alimpapasa uso, masikio, vidole vya miguu kimoja kimoja, kama mtu anayesoma. Chiriku akamsimulia habari za paka wa jirani, na Mama akawa anaitikia kila neno. Sikuwahi kumwona mama yetu ametulia vile tangu tumzike Baba.

Nusu saa ilikwisha. Ofisa alikohoa kidogo. Nikamwita mtoto, hakuja. Nikamwita tena. Akanitazama kutoka mapajani mwa bibi yake, akanyoosha mkono.

"Baba, njoo wewe."

Mita moja, Dada. Mkono wangu ulikuwa umekaribia kumfikia, na miguu yangu imegota kwenye ule mstari. Nilifikiria kuuvuka. Sitakuficha, niliinua mguu. Nikamwona wifi yako peke yake katika chumba hiki, nikaushusha.

Mama alinyanyuka, akaegemea bega la Mjomba. Akamshika mjukuu wake mabega, akamgeuza aelekee kwangu. "Baba hawezi kuja, mama," akamwambia. "Nenda wewe." Akamsukuma kidogo mgongoni.

Mtoto alipofika kwangu, Mama alikuwa amekwisha nipa kisogo. Alitoka bila kugeuka.

Kesho ni siku yangu ya foleni. Nisalimie Shemeji, na umbusu yule kitinda mimba wako. Wifi yako anakusalimu sana, na Mjomba aliniagiza nikwambie goti lake limepona.

Mungu akufunike huko ugenini, akufungulie kila mlango. Ukiongea na Mama, naomba usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Mwache aendelee kutwambia kwamba alifurahi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mzee wa Tanuri