Muti Wetu wa Mupira na Kucha Nyekundu

Mupwa wangu Neema, mutoto wa dada yangu, wewe uliye Kampala,

Kabla sijakusalimia, ujue kwanza ni nani anakuandikia. Katika Goma nzima, toka Mugunga mpaka kwenye barieri ya mupaka, hakuna mutu ambaye akivuka barabara pikipiki zote zinapunguza mwendo bila kuambiwa, isipokuwa mimi. Hata mulima, siku nikiutazama sana asubuhi, unavuta mawingu na kujifunika. Nilifika primeri ya tano tu, lakini tano ya wakati wetu ilikuwa inatisha. Walimu wenyewe waliniuliza tarehe. Barua hii ninaiandika wazi, isomwe na avenue yote, mutaa wetu muzima, kwa sababu avenue yote ilicheka muti wetu. Sasa wakae wasikie.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeusikia mpaka simu ikaishiwa moto, nikapeleka kuchaji, nikarudi kuusikia tena. Unasema umepata chumba chenye dirisha kubwa, na unasema: «Mujomba, nitumie muti wangu.» Umesema wangu. Kisha ukakohoa kidogo, ukaongeza: «Kama utakubali.» Nikakaa kwenye kiti changu kando ya rido, pazia letu la kijani. Muti ukanitazama, na mimi nikautazama.

Unakumbuka ulivyofika kwangu? Tulikuwa tumetoka kumuzika mama yako kule Masisi, mvua haikutaka kuisha, na ukashuka kwenye kamio, lori ya mizigo, umekumbatia mufuko wa viazi, vya mwisho vya shamba lake. Sweta ya rangi ya chungwa, mikono yake mirefu kupita ya kwako. Hukulia. Hukuongea pia. Ulikuwa unakaa nyuma ya rido ya salo, sebule yetu, kama mutu anayengoja kuitwa.

Ni siku zile zile ndipo nilipata muti. Ninajua Mama Kavira anasema niliuokota. Jirani yetu huyo wa Butembo anauza vitenge na anagawa maneno bure. Ukweli ni huu: nilikuwa mukuu wa usalama kwenye ile nyumba kubwa ya kando ya ziwa (wengine wanasema sentineli, mulinzi wa mulango tu), na mwenye nyumba, siku ya kuhama, alitazama vitu vyake vyote akaona hakuna chenye heshima ya kunitosha, isipokuwa muti wa mupira. Nikaupakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Ulisimama juu ya mbao zile kama waziri anayepita, majani yakipepea, na polisi wa rompwe, pale barabara zinapozunguka, akatupigia saluti. Nilimurudishia kwa kichwa tu. Mikono ilikuwa na kazi ya kusukuma.

Ulikuwa na majani machache, ndani ya ndoo ya rangi, udongo wake umekauka kama mukate wa juzi. Na unajua parseli yetu, kiwanja hiki: ukichimba unakuta lava, ukichimba zaidi unakuta lava ya zamani. Udongo wa kuongeza utoke wapi? Ndipo ulitoka nyuma ya rido bila neno, ukamwaga viazi kwenye sakafu, ukaanza kuvisugua kimoja kimoja juu ya ndoo. Udongo wa mama yako ukaanguka, mweusi, laini, na harufu ya mvua ya Masisi ikajaa salo. Nikapiga magoti, nikasugua na wewe. Jioni ile tulikula viazi safi kuliko vya hoteli.

Kisha, kwenye ncha ya muti, kikatokea kitu chekundu, chembamba, kimesimama kama mushumaa. Tulidhani ni ugonjwa. Kikavimba, kikapasuka, na jani likatoka ndani yake, limejiviringisha, linang'aa kama limepakwa mafuta. Ganda jekundu likaanguka. Ukaliokota, ukalivaa kwenye kidole, ukaninyooshea mukono.

«Mujomba,» ukasema, «niko na kucha za mama tajiri.»

Hayo ndiyo maneno yako ya kwanza marefu ndani ya nyumba yangu. Nikakuambia: «Mama tajiri, unisaidie basi na sukari.» Ukacheka. Tangu pale tukawa tunangoja makucha, wewe na mimi, kama wengine wanavyongoja mavuno. Ulipokosa ya kutosha vidole vyote, ulikuwa unavaa moja kwenye kidole kile cha mwisho na kukiinua juu, ukinywa chai.

Ninakiri kwamba mimi ndiye nilitaka kuuua ule muti kwa ukarimu. Kila mugeni akiingia ninachukua kikombe, ninaunywesha mbele yake, ili aone katika nyumba hii hata miti haikosi kitu. Majani ya chini yakawa manjano, yakaanguka moja moja. Ukanishika mukono wenye kikombe: «Mujomba, unauzamisha. Ingiza kidole kwanza.» Nikaingiza. Ulikuwa umelowa mpaka chini. Toka siku ile ninaingiza kidole kabla ya maji, na nikikuta bado kuna ubaridi wa unyevu ninauacha. Ulikuwa unageuza ndoo kila Jumamosi ili muti usiinamie dirisha. Ulikuwa unapangusa vumbi jeusi kwa kipande cha singlet yangu, mukono mumoja chini ya jani, kama unavyoshika shingo ya mutoto muchanga. Na muchana, jua likipita kwenye rido ile ya kijani, salo yetu yote ya mbao ilikuwa kama chini ya ziwa. Sauti za barabara zilikuwa zinafika kwetu zimechoka. Tulikuwa tunasinzia pale kama sambaza wawili, samaki wadogo wa ziwa.

Na ule mwaka mulima ulimwagika moto, tulipoambiwa tutoke muji mzima twende upande wa Sake? Watu wamebeba magodoro, televisheni, kuku. Mimi nilibeba muti kichwani. Mama Kavira akapiga kelele katikati ya watu: «Papa Neema, umeacha sufuria umebeba kivuli?» Na kweli kilikuwa kivuli. Familia nzima za watu zilitembea chini yake bila kuungua, mbuzi walitufuata wakidhani ni kijiji, na pale Mugunga bibi mumoja akafanya ishara ya musalaba, akasema Jumapili ya matawi imekuja tena. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Kila tukisimama ulikuwa unavuta sweta mpaka kwenye kiganja na kupangusa majivu kwenye majani, bila kukosa hata moja. Mimi nilikuwa ninaona barabara tu. Sikuona kama umekua. Niliona tuliporudi, ulipofungua dirisha la juu bila kupanda kiti.

Sasa ndiyo wewe umeenda, na muti umebaki unakua peke yake. Umefika kwenye plafo, dari yetu, umepinda shingo. Juzi muchana nilisinzia kwenye kiti changu, mvua ikipiga mabati, nikauona unatoboa paa. Ulipita juu ya ziwa la mawingu, ukazunguka mulima kwa heshima, ukashuka Bunagana mupakani, watu wa duane, wale wa forodha, wakafungua barieri bila kuuliza karatasi, ukaendelea mpaka Kampala. Jani moja likaingia kwenye dirisha lako kubwa. Ulikuwa unashona. Ulilipangusa bila hata kuinua macho, kama zamani. Nilipoamka mukono wangu ulikuwa umeshika shina.

Kuutuma wote siwezi. Kamio gani itaubeba? Hivyo ndivyo nilimwambia Mama Kavira. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, akasimama mulangoni akiutazama.

«Kata kichwa, umutumie,» akasema.

«Muti huu haukatwi kama majani ya sombe, mama.»

«Basi sema hutaki kumupa.»

«Nani hataki? Mimi?»

«Papa Neema, unaongea kama mutu ambaye watakuja kumuchukua yeye mwenyewe kwenye ndoo.»

Nilimupa chumvi aende. Hakuenda. Alinionyesha namna wanavyofanya kwao: unatoa ngozi ya shina kidogo kwa kuzunguka, unapangusa maziwa, unafunika kidonda kwa ile kuvu laini ya kijani inayoota kwenye mawe ya lava, imeloweshwa, unafunga na sashé ya plastiki, mpaka muti uote mizizi pale juu. Yeye alisema, lakini ni mimi niliyeshika kisu, na hiyo ndiyo kazi. Maziwa meupe yalitoka, yakashuka mpaka kwenye shati langu la Jumapili. Doa halitoki. Nilikaa na ule muti uliofungwa kama nimekaa na mugonjwa hospitali. Kila asubuhi ninamulika sashé. Kuvu tu. Kuvu tu. Kisha asubuhi moja, nyuzi nyeupe za mizizi, nyembamba kama mvi za kwanza, zinatafuta njia.

Leo nimekata. Kichwa cha muti kiko kwenye ndoo mupya, na nimechota kule chini, karibu na mizizi ya zamani, udongo ule wa viazi. Umechanganyika, lakini mimi ninaujua kwa mukono. Nimegawa nusu kwa nusu. Dereva wa kamio ya viazi, mutu wa hapa avenue, atapita nao Bunagana, na nimemuambia akiulizwa ni nini ajibu ni wa Neema. Ukiupokea usiulize umechoka namna gani, na usiunyweshe kwa furaha. Ingiza kidole kwanza. Uuweke karibu na dirisha, jua lisiuchome. Uugeuze Jumamosi.

Mimi nimebaki na shina. Halina kichwa, limesimama katikati ya salo kama fimbo iliyosahauliwa, na mwanga unaingia mwingi kuliko nilivyozoea. Mama Kavira anasema litachipuka mara mbili. Tutaona. Plafo sasa iko mbali.

Uende vizuri na kazi zako, mwanangu. Usiku mwema wa huko na asubuhi njema ya huku.

Lakini kwa kuwa nimesema kila kitu mbele ya avenue, niseme na hiki. Toka umeondoka, makucha yanaendelea kuanguka, na ninayavaa. Kidole cha mwisho, mukono wa kuume. Jumapili iliyopita nilisahau, nikamupa padre mukono kwenye mulango wa kanisa. Alikitazama kidole changu, akanitazama mimi, akauliza: «Papa, iko salama?» Nikasema ni jeraha la kazi. Nilitembea nacho mpaka nyumbani. Hata sasa ninapoandika ninalo moja, la mwisho lililoanguka kabla ya kukata, na ndiyo sababu herufi zangu leo zimelala upande.

Mujomba wako,
yule wanayemuita Papa Neema, na hajawahi kuwakosoa