Majibu Uliyoninong'oneza Uwanjani Masasi

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na hasira yangu haikupunguzii umri. Natumaini huko Dar es Salaam u mzima. Huku Newala tumo kwenye msimu wa korosho. Mama anaamka alfajiri kwenda kuokota kabla jua halijawa kali, na mikono yake ina madoa yaleyale unayoyajua. Barua hii naiandika wazi, watu waisome, kwa kuwa maneno haya nimeyameza muda mrefu mno.

Nikikukumbuka, huwa naukumbuka mgongo wako kwanza. Tulikuwa tukiteremka bondeni kuteka maji, wewe mbele na ndoo, mimi nyuma nikiogopa makorongo. Hukugeuka, lakini ulinisemesha njia nzima kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini: weka mguu hapa, shika mzizi ule, jiwe hilo linacheza. Sikuwahi kuanguka nikiwa nyuma yako.

Ulipotoka chuo likizo ya kwanza, ulikuja na mpira mmoja wa raga uliochakaa. Mama aliugeuza mikononi akauliza, "Sasa huu mtaupigaje, mbona kama papai?" Watu walicheka. Lakini ulitukusanya wasichana wa sekondari, ukatufundisha kukimbia na ule mpira kifuani, kuupasia nyuma, na kumwangusha mtu kwa bega bila kumvunja. Asubuhi tulikuwa uwanjani. Mchana, wengine wakipumzika, ulituingiza darasani ukachora ubaoni moyo, misuli, magoti. Ulikuwa unasomea sayansi ya michezo, na ulisema raga bila kitabu ni ugomvi tu. Ulisema nitafika mbali kuliko wewe, kwa sababu mimi nina mbio na pia napenda kusoma.

Siku uliyochora fuvu, ulieleza ubongo unavyotikisika ndani yake kama kiini cha yai. Kisha ukaninyooshea kidole mbele ya wenzangu. "Kichwa kikigongwa, mchezaji anatoka. Hata kama ni fainali. Hata kama ni huyu mdogo wangu." Nilijiona mtu wa thamani siku ile.

Kisha ikaja mechi ya Masasi. Mwalimu wako wa chuo alikuwa amekuja kutoka Dar kuiona kazi yako, pamoja na wageni waliokuwa wakitafuta kocha wa vijana. Ulivaa shati jipya. Kabla hatujaingia uliniambia, "Zainabu, leo unibebe."

Kipindi cha pili nilijitupa kumzuia msichana mmoja mrefu, na goti lake likanipata juu ya sikio. Nilipofumbua macho, ile milima ya mawe ya Masasi ilikuwa imeongezeka. Nilijua jina langu, lakini sikujua pale ni wapi. Muuguzi waliyekuja naye wageni alipiga magoti mbele yangu. Alikuwa dada mpole, mtu wa Dar. Akaniuliza, "Tuko kipindi cha ngapi? Nani amefunga mara ya mwisho? Mnacheza na nani?"

Nawe ulichuchumaa nyuma yangu, ukanimwagia maji shingoni, ukaninong'oneza majibu. Yote matatu, kwa Kimakonde, kwa sauti ileile ya bondeni. Yule dada alidhani unanipoza. Nikayarudia kwa Kiswahili kama mtoto wa madrasa. Akasema, "Haya, yuko vizuri." Ukanishika kwapani, ukaninyanyua, ukanisukuma taratibu kuelekea uwanjani.

Sikuuliza kitu, kaka. Sauti ile ilikuwa haijawahi kunipoteza.

Kilichofuata nimesimuliwa. Asha, aliyecheza pembeni yangu, anasema nilikuwa nakimbilia upande wetu wenyewe, na nilipogongwa tena sikunyoosha hata mikono kujikinga. Nilizinduka Ndanda, hospitalini, kitambaa kikiwa juu ya macho kwa sababu mwanga ulinichoma. Nilimsikia mama akikuuliza, "Mbona hukumtoa?"

Ukajibu, "Alinificha, mama. Nilimuuliza, akasema yuko sawa."

Nilingoja usahihishe. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini masikio yalikuwa mazima, na nilingoja hadi niliposikia viatu vyako vikitoka. Kesho yake ulipanda gari la mwalimu wako ukarudi Dar.

Wewe hukuuona mwaka ule. Nilikuwa nikisoma mistari michache, natapika. Nilikaa chumbani dirisha limezibwa kwa khanga wakati wenzangu wanafanya mtihani wa kidato cha sita. Mama alinilisha kwa mkono wake, na kwa kinywa hichohicho kilichokuwa kikiniombea dua alinigombeza. "Ukaidi wako huu. Kaka yako angekutoa, wewe ukamdanganya." Nilifikiri utarudi useme mwenyewe. Badala yake tulikusikia redioni, umeshapata kazi ya kufundisha vijana, ukisema kwako usalama wa mchezaji ndio wa kwanza. Mama aliongeza sauti. Mimi nikatoka nje.

Nilipona, namshukuru Mungu, ingawa hadi leo jua la mchana likinipiga sana inabidi nikae. Mtihani niliufanya baadaye. Sasa na mimi nasoma sayansi ya michezo, na likizo nawafundisha raga wasichana wa hapa nyumbani, kwenye uwanja uleule. Muhula uliopita tulifika kwenye somo la majeraha ya kichwa. Mhadhiri alichora fuvu, akaeleza kwamba pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumuua kijana. Akasema jambo hilo hufundishwa mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza, kaka. Wewe ulikuwa wa tatu.

Nilikuwa nimejitengenezea kisingizio chako, kwamba labda habari ya pigo la pili ulikuwa hujaisoma, labda ulichanganyikiwa. Ungekuwa hujui, ningekusamehe palepale kitandani. Lakini ulijua kuliko watu wote waliokuwa uwanjani, kuliko hata yule muuguzi, na ujuzi huo ndio uliokuwezesha kujua majibu gani anayataka.

Wiki iliyopita ulituma ujumbe kama hakuna kilichotokea. Unataka nikuletee wasichana wangu wawili wenye mbio kwenye kambi yako. Siwaleti. Mmoja wao aligongwa kichwa mwezi huu, nikamtoa, akalia na kunikasirikia mbele ya wazazi wake. Hadi leo ananiamkia shingo upande. Akichukia na achukie, ilimradi anajua leo ni siku gani.

Kabla sijaandika barua hii nilimweleza mama kila kitu, asije akasikia kwa watu. Alikuwa ameketi uani anachambua korosho. Majirani wote wanamwita Mama Bakari, jina lako ndilo fahari yake, kwa hiyo niliona vigumu kuanza. Nilipomaliza aliiacha mikono ndani ya ungo.

"Kwa Kimakonde?" akauliza.

"Kwa Kimakonde, mama."

"Na mimi mwaka mzima nimekugombeza wewe."

Hakulia. Alisimama akaenda kunioshea bakuli, akanipakulia chakula ingawa haikuwa saa ya kula, akakaa ananitazama ninavyokula. Kisha akasema usimpigie simu, hatapokea. Anasema nauli unayo. Anataka uje uketi mbele yake, umsimulie mechi ile tangu filimbi ya kwanza, naye atakuwa ananitazama mimi ili ajue ukidanganya.

Mkeka ameshautandika, kaka. Njoo.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zainabu