Mwaka Ambao Hakuna Aliyeandikwa

Baba Simiyu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na yako siwezi kuiuliza. Basi nikuambie yetu. Mama yako tulimzika wakati wa mvua ya masika, karibu na wewe hapa Bumula. Ng'ombe hatuna tena. Mimi meno yameanza kuniacha, lakini nimejua kusoma. Mwalimu wa kanisa anatufundisha sisi akina mama kwa Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia kwa lugha ya shamba la mzungu. Kwa Lubukusu, lugha yetu, nakusemesha kila nikipalilia.

Kilichonisukuma ni mtoto wetu. Lakini niache nirudi nyuma kwanza, kwa sababu yale yaliyokupata sijawahi kuyasema mpaka mwisho, hata kwa mama yako.

Ile miaka mizuri tulipokuwa juu kule Kitale, wewe ulikuwa mtu wa plau, na maksai walijua sauti yako kuliko mjeledi. Kila mavuno yakiisha, bwana alipunguza watu. Mara nyingi ulitolewa wewe, au ulijitoa mwenyewe baada ya kugombana na nyapara. Ulikuja nyumbani na blanketi begani, unacheka. "Kufukuzwa si ugonjwa, Mama Simiyu. Jumatatu utanipikia posho ya mzungu mwingine." Na ilikuwa hivyo. Kipande chako, kile kitambulisho cha kazi, kilikuwa hakijapoa mfukoni, tayari kimeandikwa shamba la jirani. Nami nilizoea. Nilifunga sufuria kwenye shuka, nikakufuata.

Kisha mahindi yakakosa mnunuzi. Tulisikia kwamba ng'ambo watu wameishiwa, hawanunui tena kitu. Pale stesheni ya Kitale magunia yalinyeshewa mpaka yakaota. Bwana wetu alituita uwanjani, akasimama kofia mkononi, akasema hawezi kutuweka. Nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hiyo tulitoka nayo pia. Wimbi langu shambani nililiacha kijani. Hata siku hiyo ulicheka, Baba Simiyu. Ulisema Jumatatu.

Ulizunguka mashamba yale uliyoyajua, halafu yale usiyoyajua, mpaka chini ya Mlima Elgon. Kila mahali nyapara alikuja mpaka langoni na kusema hakuna kazi, na wengine walikuwa rafiki zako. Kwa mzungu mmoja ulisema utamlimia kwa posho tu, bila mshahara. Akakuuliza, bila ukali, "Hayo mahindi utakayonilimia, nitamuuzia nani?" Uliniletea swali hilo nyumbani kana kwamba mimi ningekuwa na jibu.

Tukarudi kwenu Bumula. Lakini wewe hukuweza kukaa. Ulikuwa unapanda Kitale, unateremka, unapanda tena. Jioni moja uliketi mlangoni ukinyoosha miguu, nikawa nakumenyea viazi, ukaanza kuongea polepole.

"Watu wanasema shida ni kufukuzwa," ulisema. "Tuliofukuzwa tulifukuzwa zamani, na kufukuzwa tulikuwa tunakujua. Shida ni walio ndani. Hawatoki. Zamani mtu akitukanwa anaondoka, na mimi nashika plau yake. Siku hizi anatukanwa, anapunguziwa posho, ananyamaza. Na bwana haongezi hata mtu mmoja. Hakuna anayetoka, hakuna anayeandikwa. Sasa mimi nitapita wapi?"

Nilingoja ucheke. Hukucheka, na sikukusikia ukicheka tena.

Safari yako ya mwisho ilikuwa ya mvua. Nikakwambia, si ungoje kukauke, ukasema labda wale wanaopanda mbegu wanahitaji mtu. Ulilala nje, chini ya madaraja, nguo zikikukaukia mwilini. Watu wa Lugulu walikukuta kando ya njia, unatetemeka, wakakubeba mpaka hospitali ya misheni. Nilipofika walikuwa wamekuosha miguu. Walisema ni kichomi. Ulifungua macho ukaniuliza kama kuna mtu amekuja kukuita kazini.

Nikasema, "Bado."

Hilo ndilo neno la mwisho nililokupa. Siku zote nalitafutia lingine, silipati.

Miaka ikapita, vita vikaanza. Askari huko mbali wakataka kula, na mahindi yakapata mnunuzi. Basi, ni hilo tu lililobadilika. Lori likaja mpaka Bumula kutafuta watu, na wengine walichukuliwa hata bila kuulizwa. Yule nyapara wa shamba letu la kwanza alishuka, akaja mpaka nyumbani akiulizia Wekesa, yule wa plau, ati bwana anamtaka yeye na si mwingine. Mama yako alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua kichwa.

"Yuko nyuma ya nyumba," akamwambia. "Nenda umwite."

Nyapara alizunguka nyumba. Alipoona kaburi, aliondoka kwa njia ya shambani bila kutuaga.

Mikono yako haikuwa imeharibika ile miaka, Baba Simiyu. Ulikuwa mtu yule yule. Hili ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe.

Sasa Simiyu. Alikua, akapanda Kitale kama wewe, akajifunza trekta. Kwa miaka alikuwa anahama shamba hili kwenda lile akichagua mabwana. Krismasi iliyopita alikuja na alama mgongoni. Nyapara anampiga. Nikamwambia, "Toka kwake, mwanangu, uandikwe kwingine." Akasema, "Mama, siku hizi haandikwi mtu." Akavaa shati lake, akarudi kule kule.

Anadhani sikuelewa. Nimeambiwa bei ya mahindi inashuka tena. Hakuna aliyefukuzwa bado, na majirani wanasema basi mambo si mabaya. Mimi namtazama mtoto wangu anayepigwa na hatoki, na najua tumefika wapi. Nimeomba kanisani. Sioni kama inasaidia. Walio ng'ambo hawanisikii, na mnunuzi wa mahindi simjui sura.

Nitaipeleka karatasi hii kaburini kwako, niisome kwa sauti ili unisahihishe niliposahau. Lala, Baba Simiyu. Kukuahidi kwamba mtoto atapata kazi siwezi, na kwamba mwaka utakuwa mzuri siwezi. Ninachokuahidi ni hiki: siku watakapomtoa, hatatembea malango ya watu kwenye mvua. Nitamkalia mlangoni kama ni lazima. Atashinda njaa hapa, pamoja na mimi, na akiniuliza kama kuna aliyemwita, nitamwambia hakuna, aingie ndani.

Ni mimi mke wako,
Nasimiyu