Bapa Rundah, Undagi Aliyeezua Paa Lake Mwenyewe

Bapa, mwaka umekwisha kuzunguka tangu ulipoiweka tezo chini ukasema unajinyoosha kidogo tu, na hukuamka tena. Meme Rempi, mkeo, bado anaupepeta mchele mara mbili kabla ya kuupika, ijapokuwa siku hizi hakuna wa kumletea vumbi la msumeno mpaka jikoni. Anasema ni mazoea ya mkono. Sisi tunajua anakutafuta.

Tunakukumbuka ukiwa na penseli sikioni, ukiitafuta penseli. Tunakukumbuka ukimpima mwenye nyumba kabla ya kujenga: anyooshe mikono, akanyage chini, akunje ngumi, nawe unaweka alama kwenye mwanzi wako ili nyumba itoke mwilini mwake. Kwanza ulimchekesha. Ulidai kwamba mtu mwenye hofu hujikunyata, na akipimwa amejikunyata ataishi maisha yake yote akigonga kichwa mlangoni. Banjar nzima, mtaa wetu wote, inalala ndani ya vipimo ulivyovichukua watu wakicheka.

Maneno ya kumwita mjuzi ulikuwa mchoyo nayo. Mfua chuma hodari ulimwita pande, na kila mwenye kujua kushika randa ulimwita fundi, basi. Lakini undagi, yule anayeijua nyumba tangu mti wake ukiwa msituni, ulikataa kuitwa. Wageni wakikuita mtaalamu, ulitazama nyuma kuona nani ameingia. Kinyozi hajinyoi, ulisema, na undagi hajiiti. Huitwa na undagi mwenzake. Naye mwenzako alikuwa mmoja tu, Pekak Gejer wa banjar ya pili, mzee ambaye hata chakula cha harusi ya mwanawe hakukisifu.

Siku aliyokuita tunaijua sote. Ulikuwa umemaliza nyumba ya Pak Mandera, mwenye kinu cha mpunga. Paa lilikwisha kuezekwa, sadaka zimetolewa, wageni wamekula wakashiba. Ulipokuwa ukikusanya vipande vya mbao vilivyobaki, ulikuta kimoja cha nguzo ya mbele ulichodhani umekikata upande wa ncha, kumbe ni cha upande wa shina. Nguzo hiyo ulikuwa umeisimamisha kichwa chini miguu juu, shina la mti juu na ncha yake chini. Hakuna aliyeona, na hakuna ambaye angeona. Ulimwendea Pak Mandera ukamwambia mwenyewe. Naye kwa wema wake akakusihi uyaache, nguzo si imekwisha kupakwa rangi?

"Mti haukuota hivyo, Pak," ulimjibu, ukapanda juu kuezua.

Watu walijaa kutazama, wengine wakikucheka waziwazi. Pekak Gejer akapenya katikati yao akasimama chini ya ngazi, akasema bila kupaza sauti, "Undagi Rundah, nikushikie kamba?"

Kicheko kikaisha. Chema chajiuza, Bapa, na tangu siku hiyo hukukosa kazi.

Sasa tukupe habari zetu. Ulituachia bale la banjar, ukumbi wetu sote, magogo yake ya mfenesi yamelala uani. Nengah Sukreni, binti yako aliyekulia katika vumbi lako, alisema atalimaliza. Wazee walinung'unika. Fundi ni fundi, walikubali, hata akiwa mwanamke. Lakini undagi aletwe kutoka kwingine. Mwishowe wakampa kazi shingo upande, kwa heshima yako.

Siku ya kusimamisha, nguzo zote zilikuwa juu na kuhani ameketi mbele ya sadaka. Sukreni akapita akizigusa moja moja kama ulivyokuwa ukifanya. Kwenye nguzo ya pembeni mkono wake ukasita. Vifundo vya matawi vilielekea chini. Aliyeiwekea alama ni yeye mwenyewe, si mwingine. Akinyamaza, bale ni lake na jina ni lake. Akisema, wale wazee wamepata walichokuwa wakikingojea.

"Ishusheni hii," akasema. "Imesimama kichwa chini. Kosa ni langu."

Nyoman Kerig, uliyekuwa ukimwita mdomo usio na mlango, akageukia wenzake. "Si tulisema? Mbok Sukreni fundi mzuri, lakini haya si ya kwake."

Sukreni alikuwa amekwisha kuizungushia nguzo kamba. Na pale, Bapa, tukasikia fimbo ikigonga sakafu. Pekak Gejer, ambaye siku hizi husindikizwa hata kwenda kuoga, alikuja polepole mpaka chini ya ile nguzo. Akamwegemezea Kerig fimbo yake mkononi kama mtu anayetundika kofia, akanyoosha mikono yake miwili inayotetemeka.

"Undagi," akamwambia binti yako, "nikushikie kamba?"

Meme Rempi alilia. Sisi wengine tulijidai tumeingiwa na vumbi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rempi. Wanao Nengah Sukreni na Ketut Wirja. Mkweo Luh Sasih. Wajukuu zako, na banjar yote uliyoipima. Hutatoka mioyoni mwetu, Bapa. Bale limekwisha, nguzo zake zote zimesimama kama zilivyoota, na nyumbani kwako bado anakaa undagi.